Spirulina, klorela na afya ya moyo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Arusha na Moshi

Unga wa kijani umeingia mjini. Uko kwenye maduka ya vyakula vya afya, unapitishwa maofisini na mawakala, na jioni unatua kwenye kundi la WhatsApp la ukoo ukiwa na ahadi kwamba unazibua mishipa ya moyo. Kazi yangu ni ushauri wa lishe. Wengi ninaokaa nao wana presha, na siku hizi wengi wanakuja na kopo ambalo mtoto aliyeko mjini amewanunulia, wakitaka kujua walifanyie nini. Nimejibu hapa maswali yao nikitaka kitu kimoja: chakula hiki kipewe nafasi ya chakula, na dawa ya presha iachwe mahali pake.

Hivi vitu ni nini hasa?

Ni viumbe vya majini vidogo mno, huwezi kukiona kimoja peke yake bila hadubini. Havihusiani na ule mwani mrefu unaofungwa kwenye kamba baharini kule Zanzibar, ingawa jina tunaviita moja.

Vinavyouzwa kwa ajili ya moyo ni vya aina tatu. Spirulina kitaalamu ni bakteria wa kijani-bluu wa jenasi ya Arthrospira. Ukimtazama kwenye hadubini amejisokota kama springi, na hupenda maji ya magadi. Klorela ni mwani kamili, seli moja ya mviringo, wa maji yasiyo na chumvi. Aina ya tatu haiji kama unga bali mafuta: Schizochytrium, ambayo huhesabiwa pamoja na mwani ingawa haitegemei jua. Hulishwa sukari ndani ya matangi, kisha mafuta yake yenye omega-3, yale mafuta yanayosifiwa kwenye samaki, ya aina iitwayo DHA, hukamuliwa na kuwekwa kwenye vidonge laini.

Mtu akikwambia "mwani unashusha mafuta kwenye damu", muulize ni upi kati ya hiyo mitatu. Kazi zao hazifanani, na mkanganyiko mwingi ninaoukuta unaanzia hapo.

Si ni kitu kipya tu kilicholetwa na Wazungu?

Hapana. Wanawake wa Kanembu, kandokando ya Ziwa Chad, wamekuwa wakichota spirulina kwa vizazi vingi. Huimwaga kwenye mashimo ya mchangani, maji yananyonywa, inabaki mikate ya kijani inayokaushwa juani. Wao huiita dihé, na huivunjavunja kwenye mchuzi wa kulia ugali wa nafaka. Waazteki wa Mexico nao waliivuna kwenye Ziwa Texcoko kabla Wahispania hawajafika. Kwa hiyo ni chakula cha watu, tena cha Waafrika wenzetu, na nafurahi kila ninapopata nafasi ya kulisema hilo.

Heroe wa Momella wanaishi kwa kuila. Kwa nini na sisi tusichote hukohuko?

Swali hili huja mara nyingi, hasa kutoka kwa vijana wa Usa River na Ngarenanyuki, na lina mantiki. Heroe wadogo, wale flamingo wa waridi, kweli wanaishi kwa spirulina katika maziwa ya magadi ya Natron, Manyara na Momella. Hata rangi yao inatokana na karotenoidi wanazozipata humo.

Lakini usichote. Kwanza, Momella iko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, na vitu vya hifadhini haviondolewi. Pili, maji ya ziwa hayana spirulina peke yake. Yana bakteria wengine wa kijani-bluu, na baadhi yao hutengeneza sumu. Mwaka 2004 heroe walikufa kwa wingi Ziwa Manyara na Momella Kubwa, na watafiti wa Tanzania waliochunguza walitaja sumu za bakteria hao kuwa chanzo kinachowezekana. Hao ni ndege ambao maumbile yao yamezoea maji yale. Sumu iitwayo maikrosistini hushambulia ini, na kuchemsha hakuiondoi. Kwa macho huwezi kuitofautisha spirulina nzuri na mchanganyiko wenye sumu: vyote ni ukoga wa kijani.

Tatu, floraidi. Sisi tuliokulia chini ya Meru tunayajua meno ya kahawia. Kituo cha Ngurdoto kimefanya kazi miaka mingi kutafuta namna ya kuiondoa floraidi kwenye maji ya kunywa kwa mkaa wa mifupa. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Maziwa ya Momella yamepimwa yakakutwa na mamia. Unga utakaovunwa kwenye maji hayo unaweza kubaki na madini hayo. Waachie heroe.

Basi, inasaidia moyo au haisaidii?

Spirulina inaonekana kusaidia kidogo kwenye vipimo. Kama inazuia mshtuko wa moyo au kiharusi chenyewe, hakuna jaribio kubwa lililowahi kuthibitisha.

Mwaka 2007 watafiti wa Mexico walichapisha matokeo ya watu 36 waliokula gramu 4.5 za spirulina kila siku kwa wiki 6. Triglaiseridi (aina ya mafuta yaliyomo kwenye damu) na kolesteroli mbaya, ile inayoandikwa LDL kwenye karatasi ya maabara, zilishuka, na presha nayo ikashuka. Habari njema, ila hapakuwa na kundi la pili la kulinganisha nalo. Mtu anayejua anafuatiliwa huanza pia kula vizuri na kupumzika, na presha huwa na tabia ya kushuka kadiri mtu anavyozoea kupimwa.

Majaribio mengine yaliyofuata katika nchi mbalimbali yalikuwa na makundi ya kulinganisha. Yalipojumlishwa, mwelekeo ulibaki uleule: LDL na triglaiseridi hushuka kiasi, na presha hushuka kwa milimita chache za zebaki, kipimo kinachotumika kupimia presha. Milimita chache si kitu cha kudharau. Ila mengi yalikuwa ya watu makumi tu na ya wiki chache hadi miezi mitatu hivi, na moyo huharibika na kulindwa kwa miaka. Klorela nayo imejaribiwa, kwa ushahidi haba zaidi.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kama aile, namwambia: ukiweza kuimudu na huna kizuizi nitakachokitaja huko mbele, ile kwa moyo mkunjufu. Akiniuliza kama itazibua mshipa ulioziba, jibu ni hapana. Hakuna unga unaofanya hivyo.

Inafanyaje kazi mwilini?

Picha haijakamilika. Ile rangi ya bluu ndani ya spirulina, fikosayanini, ni protini inayopambana na uharibifu wa kemikali mwilini. Katika panya wa maabara imeonekana kuzuia asidi za nyongo zisirudi mwilini, hivyo ini hulazimika kutumia kolesteroli kutengeneza nyingine. Kuna pia dalili kwamba husaidia kuta za mishipa kutoa naitriki oksaidi, kitu kinachoilegeza mishipa.

Mafuta ya DHA yana njia tofauti: hulifanya ini litengeneze triglaiseridi chache.

Spirulina ina omega-3 kama samaki?

Haina ya kutegemewa. Wauzaji wengi hukosea hapa. Mafuta yake ni machache, na omega iliyomo zaidi ni ya jamii ya omega-6. Unayetafuta omega-3 ya samaki bila kula samaki, tafuta mafuta ya Schizochytrium. Samaki wenyewe hawaitengenezi kwa wingi, wanaipata kwa kula viumbe vidogo vya majini, kwa hiyo mafuta hayo yanatoka kwenye asili yake.

Ila punguza matarajio. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2018, wenye watu zaidi ya 25,000, uliwapa nusu yao gramu 1 ya omega-3 ya samaki kila siku kwa miaka 5 na zaidi. Matukio makubwa ya moyo na mishipa kwa jumla hayakupungua. Kiwango kinachoshusha sana triglaiseridi ni kama gramu 4 kwa siku. Hicho ni kiwango cha dawa, cha kusimamiwa na daktari, maana kinaweza kuongeza hatari ya mapigo ya moyo kwenda ovyo.

Mama yangu yuko Machame, ana presha. Anaweza kuacha vidonge akianza spirulina?

Hapana. Tafadhali asiache.

Naomba nikae hapa kidogo. Presha haiumi. Mtu anakunywa amlodipini au losartani, presha inatulia, anajiona mzima, halafu anakuja mtu na kopo na kusema dawa za hospitali zinaharibu figo. Anaacha. Wiki ya kwanza haoni tofauti, ya pili haoni. Figo zinaharibiwa na presha yenyewe isiyotibiwa, nayo inapanda kimya mpaka asubuhi moja mdomo unapinda na mkono unakataa kunyanyuka. Nimewaona wazee walioachishwa dawa kwa njia hii, wengine sasa wanalishwa kwa kijiko. Milimita chache ambazo spirulina inaweza kupunguza haziwezi kushika nafasi ya kidonge kwa mtu aliyefikia 170 kwa 100.

Mama aendelee na dawa zake na kliniki yake, iwe zahanati ya kijijini, Hai, Mawenzi au KCMC. Akitaka spirulina, aile juu ya dawa, na amwambie daktari. Presha ikishuka vizuri, daktari ndiye atakayepunguza dozi.

Natumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, baada ya kubadilishiwa vali ya moyo. Je, naweza kutumia?

Klorela usiiguse bila daktari wako kujua. Ina vitamini K nyingi, ambayo hupunguza nguvu ya warfarini, na damu inaweza kuganda kwenye vali. Spirulina ina vitamini K kidogo, lakini kwako wewe kitu chochote kipya cha kila siku, hata mboga, kinahitaji kipimo cha damu cha ufuatiliaji. Mafuta ya omega-3 kwa dozi kubwa nayo huongeza uwezekano wa kutoka damu.

Nani wengine wasitumie?

Mwenye jongo awe mwangalifu, kwa sababu vyakula hivi vina purini zinazoongeza asidi ya yuriki. Aliyepandikizwa figo na anayekunywa dawa za kushusha kinga, pamoja na mwenye ugonjwa ambao kinga inaushambulia mwili wake, asianze kabla ya kuongea na daktari. Wenye ugonjwa wa kuzaliwa wa fenilketonuria hawatakiwi kabisa. Mjamzito na mtoto mdogo nisingewapa kopo ambalo sijaona cheti chake cha maabara.

Nile kiasi gani?

Majaribio mengi ya spirulina yametumia kati ya gramu 1 na 8 kwa siku. Anza na nusu kijiko cha chai, tumbo lizoee, panda taratibu hadi kama gramu 3 mpaka 5. Wengine hupata gesi au kuharisha siku za mwanzo. Choo kuwa cha kijani si ugonjwa.

Angalia vidonge kwa makini. Vingi huwa vya miligramu 500. Ukiandikiwa umeze viwili kwa siku, unapata gramu 1 tu, na umelipa bei ya kopo zima kwa kiasi cha chini kabisa.

Nichanganye na nini? Nikiipika inaharibika?

Protini na madini ya chuma hayapotei kwa moto. Fikosayanini ndiyo dhaifu, huharibika joto likizidi nyuzi 60 hivi. Kwa hiyo usiimwage kwenye sufuria inayotokota. Pika uji wa ulezi, epua, acha upoe mpaka unaweza kuunywa, ndipo ukoroge unga wako. Harufu yake ni ya ziwani na wengi hawaipendi. Parachichi lililopondwa pamoja na ndimu huifunika vizuri kuliko kitu chochote nilichojaribu, na parachichi lenyewe lina mafuta yanayoufaa moyo. Kwenye mtori, weka ukiwa tayari umepakua bakulini.

Chai ya rangi subiri ipite saa moja hivi ndipo uinywe. Inazuia chuma kisifyonzwe.

Si inaota kwenye magadi? Haina chumvi nyingi?

Gramu 100 za spirulina kavu zina sodiamu ya takriban miligramu 1,000. Ukila gramu 5, unapata kama miligramu 50, wakati kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima ni 2,000 kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Spirulina iliyosuuzwa vizuri siyo tatizo.

Tatizo liko jikoni. Magadi tunayotia kwenye maharage na makande ili yaive haraka ni sodiamu tupu, na magadi mengi ya kanda yetu yana floraidi pia. Loweka maharage usiku kucha, umwage yale maji, upike bila magadi. Hatua hiyo kwa mwenye presha naithamini kuliko kopo.

Nikiila, naweza kuendelea na nyama choma na kisusio kila wikiendi?

Haifuti. Kula kidogo, usiongeze chumvi mezani, na pombe upunguze.

Nitajuaje kopo ni zuri?

Tangu 2019 usalama wa vyakula uko chini ya TBS, Shirika la Viwango, na TMDA, mamlaka ya dawa, imebaki na dawa na vifaa tiba. Tafuta alama ya TBS, jina na anwani ya mzalishaji, namba ya toleo na tarehe ya kuisha. Kopo linaloandika "linatibu presha" linajiita dawa, basi muulize muuzaji namba ya usajili ya TMDA. Akikosa, umepata jibu.

Omba pia matokeo ya maabara: risasi, aseniki, zebaki na kadmiamu, na maikrosistini isiyozidi mikrogramu 1 kwa gramu. Mzalishaji makini huwa nayo na haoni aibu kuyaonyesha. Kwa klorela, ukuta wa seli uwe umepasuliwa kiwandani, kwa sababu ni mgumu na tumbo letu halimudu. Unga mzuri wa spirulina una kijani cha kuiva kinachoelekea bluu. Ukiwa wa kahawia au wa njano umeungua au umechakaa. Unga uliopimwa na kijiko kutoka kwenye ndoo, ukawekwa kwenye mfuko usio na maandishi, uache.

Naweza kulima mwenyewe nyumbani?

Inawezekana, na ningependa kuona vijana wetu wakiifanya kwa utaratibu. Hustawi kwenye joto la nyuzi 30 hadi 37 na maji yenye pH ya 9 hadi 11. Baridi ya Juni na Julai huku kwetu huidumaza, kwa hiyo unahitaji banda la nailoni. Maji hutiwa baikaboneti na virutubisho, hukorogwa mchana, kisha mavuno huchujwa kwa kitambaa cha matundu madogo sana, husuuzwa, hukamuliwa na kukaushwa haraka bila moto mkali. Ikiwa mbichi huoza upesi.

Mambo mawili yasipuuzwe: mbegu safi kutoka maabara inayoaminika, siyo ziwani, na maji yaliyopimwa floraidi. Nenda kwanza kwenye Chuo cha Nelson Mandela kule Tengeru uulize. Wanasayansi wa maji na chakula wako hapo hapo jirani.

Ina vitamini B12 kwa wasiokula nyama?

Sehemu kubwa ya iliyomo ni ya aina ambayo mwili hauitumii. Usiitegemee.

Sina hela ya kopo. Moyo wangu nauachaje?

Hujapungukiwa, na nasema hivi kwa dhati. Gramu 100 za spirulina zina protini kama 57. Dagaa wakavu hawako mbali, na wana ile omega-3 ambayo spirulina haina. Chukua dagaa wa ziwani waliokaushwa juani, maana wale wa pwani mara nyingi huchemshwa kwenye maji ya chumvi. Siku ya soko pale Tengeru au Mbuyuni utapata mnafu, mchicha, majani ya kunde, maharage na parachichi. Maharage hushusha LDL, na ushahidi wake ni imara kuliko wa unga wowote wa kijani. Ndizi zetu zina potasiamu inayoisaidia presha. Tembea kila siku. Acha sigara.

Hela ikiwa haitoshi kwa vyote, nunua dawa ya presha kwanza, chakula hiki pili, kopo mwisho.

Nitajuaje kama inanisaidia?

Pima kabla ya kuanza. Kwa mafuta ya damu, mwombe daktari kipimo kamili chenye LDL, HDL (kolesteroli nzuri) na triglaiseridi, na uulize kama maabara yako inataka ufunge kula. Kwa presha, pima asubuhi na jioni kwa siku saba ukiwa umekaa na kupumzika dakika tano, mgongo umeegemea, mkono umelala usawa wa moyo. Tupa za siku ya kwanza, chukua wastani wa zilizobaki.

Kisha kula kiasi kilekile kila siku kwa wiki 12. Katika muda huo usibadilishe dawa kienyeji wala usianze vitu vingine vitano, la sivyo hutajua kipi kimefanya nini. Wiki ya 12 pima tena, maabara ileile, mashine ileile, na karatasi zote mbili mpelekee daktari wako. Namba zikiwa hazijasogea, sitisha kopo, hela iende kwenye dagaa na parachichi. Na siku yoyote ukipata maumivu ya kifua yanayobana, pumzi kukata, mdomo kupinda au upande mmoja wa mwili kufa ganzi, usisubiri kukoroga chochote: nenda hospitali muda huohuo.